Tanbihi ya Kumi na Tisa

Miaka ishirini madeni yetu yalilala chini ya ukurasa,
katika tanbihi ya kumi na tisa,
kwa herufi ndogo kama ufuta juu ya mkate.

Maduka thelathini na moja, kutoka Łódź hadi Zgierz,
yote ya kupanga.
Tanuri kubwa la Pabianice, la kupanga.
Malori tisa yanayoondoka saa tisa usiku
yakinuka hamira na dizeli,
ya kupanga, na vioo vyake.
Tulilipa kila mwezi, tukaandika *pango*, tukafunga daftari.
Na mizania yetu ilisimama mbele ya benki kama bwana harusi
ambaye hakuna aliyemuuliza suti ni ya nani.

Kisha kanuni ikabadilika.

Ireneusz, kijana wa wakaguzi, aliingia na theluji mabegani,
akasogeza sahani ya keki ya jibini, akafungua kompyuta.
Bi Bogumiła, alisema, kuanzia Januari
ulichokipanga kwa zaidi ya mwaka, kiandike:
upande huu haki ya kukitumia,
upande ule deni la kukilipia.
Na mashine ya kahawa?
Kitu kidogo. Kimesamehewa.
Na kibanda cha soko la Krismasi, wiki nne?
Muda mfupi. Kimesamehewa.
Kumbe msamaha upo,
ila ni wa vidogo na vya kupita.

Nikakaa na mikataba hadi usiku wa manane.
Pango la mwaka wa tisa nililishusha hadi thamani ya leo,
kwani fedha ya mbali huonekana ndogo,
kama lori kwenye barabara ya Pabianice,
hadi likufikie.

Mzee Gerwazy aliitazama jumla akavua miwani.
"Milioni arobaini! Na sijakopa hata groszi moja.
Sijanunua hata chumvi!"
Nikamwambia: hakuna kilichotoka, hakuna kilichoingia.
Mkate ni uleule, gramu mia tano.
Pango tumelivua jina moja, tumelivisha mawili,
uchakavu na riba,
na faida ile ya mstari wa juu imepanda.
"Imepanda?"
Imepanda.
"Naweza kuila?"
Hapana.

Dawa ya deni ni kulipa, walisema.
Sisi tulikuwa tukilipa.
Hakuna aliyetuambia kuwa kuliandika nako ni ugonjwa.
Benki ilikuwa imechora mstari: deni lisizidi mara tatu ya faida.
Tukalala tukiwa mbili na nusu,
tukaamka karibu tano.

Bi Halszka wa benki alikubali kutupima kwa rula ya zamani,
miaka miwili tu.
Lakini Gerwazy alikuwa ameshaogopa miaka.
Duka la Zgierz, ambalo angelisaini kumi,
akataka matatu.
Mwenye jengo akampa muuza simu.
Zyta, aliyeuza pale tangu nywele zake zikiwa nyeusi,
alinirudishia funguo ndani ya mfuko wa mkate.
Hakuwamo katika mizania, ya zamani wala mpya.

Baba yangu alikuwa mfumaji katika jiji hili la vitambaa.
Nguo ya kuazima haisitiri matako; yeye hakuazima,
hata koti alilozikwa nalo alilinunua kwa fedha taslimu.
Ila kaburi, hapa kwetu, hulipiwa miaka ishirini.
Imebaki sita.
Usiku ule, kazi ilipokwisha, nilifungua safu mpya.
Haki ya kutumia: ardhi, mita mbili kwa moja.
Deni: hakuna, tulitanguliza yote.
Uchakavu: sawasawa kila mwaka.
Muda wa kuongeza, endapo yupo wa kuongeza:

hapo nikaacha kisanduku wazi.
Nje malori yalikuwa yakiwashwa, moja baada ya jingine.
Nilihesabu manane.
La tisa lilikataa baridi.